Sauti ya Pili Kutoka Kushoto

Shangazi yangu Mwanshamba ni sauti ya pili kutoka kushoto
katika wimbo wa dakika kumi na moja,
kwenye kiitikio tu,
na hata hapo usipoambiwa humsikii.

Niliununua. Hilo nataka lieleweke.
Sikuchomekewa na mtu kwenye flashi.
Elfu mbili na mia tatu, makato juu,
ujumbe wa muamala ninao mpaka leo,
kwenye simu ya tunda lililoumwa
aliyoniachia kaka alipokuja kutoka Maskati kuzika.

Mwaka mzima nililala shangazi yuko sikioni.

Kisha simu ikanidondoka uani, juu ya jiwe la kufulia.
Kioo kikawa utando wa buibui,
betri ikawa na pumzi za mgonjwa:
saa moja, nusu saa, robo.
Nikanunua nyingine, laini mbili, kampuni nyingine,
inayokaa na chaji siku tatu kama ngamia.
Picha zikahama. Namba zikahama,
hata za watu nisiowasalimu.
Wimbo ukagoma mlangoni.

Ngamiani, Barabara ya Kumi na Mbili,
kwa Semhando fundi,
kati ya kinyozi na muuza machungwa ya Muheza,
nikaziweka simu zote mbili mezani
kama wake wenza walioitwa kwa kadhi.
Akachomeka waya. Akachomoa. Akapuliza tundu.
Akawasha kompyuta iliyong'oka herufi N.
Faili likaonekana: jina lake, urefu wake, tarehe yake,
na kufuli dogo kama punje ya ufuta.

"Dada, wewe hukununua wimbo," akasema.
"Ulinunua ruhusa ya kuusikiliza kwao."

Kwao wapi?

Hakujua. Nami sijui.
Baiskeli yangu ina tairi la India, mnyororo wa China,
kengele niliyopewa Pangani,
na haijawahi kuniuliza ukoo kabla ya kunifikisha Mabawa.
Kanga nikiinunua nikaikata vipande viwili,
kimoja nikambebea mwana wa jirani,
muuzaji haji kunivua.
Kaseti ya mama iliimba kwenye redio yoyote.
Ikikwama tuliizungusha kwa kalamu.
Ilitembea nyumba saba, ikarudi inanuka samaki wa kukaanga,
na bado ilikuwa yetu.

Ruhusa!
Shangazi aliachika mara mbili
kwa sababu ya mazoezi ya Alhamisi,
leo ndiyo aombewe ruhusa?

Semhando akakuna kichwa.
Akarudishia mlango, akamwomba kinyozi azime mashine.
Akaitia simu ya zamani kwenye ndoo tupu ili sauti ikue,
ile mpya akailaza ukingoni, juu ya kitambaa,
akabonyeza kidude chekundu cha kurekodi,
akaweka kidole mdomoni.

Dakika kumi na moja tulikaa
kama watu wanaosubiri mtoto apitiwe na usingizi.
Betri asilimia tisa. Saba.
Nne.
Fidla ya mwisho ikiwa bado hewani, simu ya tunda ikazima.
Haijawaka tena.

Basi ninao sasa. Si safi.
Ngoma zimesogea mbali, kama harusi ya mtaa wa pili.
Dakika ya tatu inapita kengele ya baiskeli.
Dakika ya sita mtu anasema, "Mia mbili, mama, mia mbili tu,"
na hapo hapo, kiitikio kinapokaribia,
fundi anakohoa.

Nilimlipa elfu tano. Akarudisha mbili,
akasema kikohozi ni chake, hakiuzi.

Jana binti yangu ameuvaa wimbo masikioni, kakunja uso:
"Bibi yuko wapi humu? Mimi simsikii."

Subiri kikohozi, nikamwambia.
Anayefuata ni yeye.