Hesabu ya Juni, Katuba

Nyamapasa, sogeza taa nione ninachoandika.
Nimekuja na bisibisi, kipima-umeme, na daftari la mwanangu
lenye kurasa tatu ambazo hajazichafua.
Umesema vyumba viwili vipate joto.
Umesema mbabula hairudi tena ndani ya nyumba hii,
na hukueleza kwa nini, wala sikuuliza:
Julai iliyopita, mtaa wa pili, nilibeba jeneza.

Basi tuhesabu.
Chumba cha mapacha, hita ya wati elfu moja na mia tano.
Chumba cha Bibi Numbi, nyingine kama hiyo.
Birika la maji ya kuogeshea, elfu mbili.
Jiko la sahani moja, elfu moja na mia mbili,
friji mia na hamsini, taa sita za wati kumi kumi,
na pasi (usiifiche nyuma ya mlango, nimeshaiona)
elfu moja.
Jumla elfu saba, mia nne na kumi.
Gawanya kwa mia mbili na ishirini:
ampea thelathini na tatu na ushei.
Swichi kuu pale ukutani imeandikwa ishirini.

Unacheka. Fundi, nani hupiga pasi usiku wa manane?
Kweli. Vifaa hupokezana zamu kama ndoo bombani,
ndiyo maana nyumba nyingi huishi kwa waya mwembamba.
Lakini joto halipokezani.
Saa kumi alfajiri, mashika yanapopenya chini ya mlango,
hita zote mbili zitadai, na zitadai pamoja,
na Kabange atakuwa amelipiga teke blanketi.

Sasa lililo baya.
Saa moja jioni, Katuba nzima ikiinjika bukari,
volti hushuka hadi mia na sitini.
Nilipima juzi. Nikapima jana, nikidhani kifaa kimelewa.
Hita yako haitakuwa hita, itakuwa nusu ya hita;
itaona haya, wekundu kidogo, basi.

Na waya utokao mlingotini ni wa mbili na nusu.
Unahitaji wa kumi, mita arobaini.
Niliuliza bei sokoni, nikarudisha mkono mfukoni.
Shaba, Nyamapasa! Shaba!
Mji huu umeitapika miaka na miaka,
malori yanapita nayo usiku hadi vikombe vyangu vinagongana kabatini,
nasi tunapimiwa kwa mita, kama utepe wa sherehe.

Kwa hiyo: hita moja, wati elfu. Chumba kimoja, wote.
Birika lizimwe kwanza, ndipo hita iwake.
Dirisha la kusini lizibwe kwa gunia; hilo nalo ni joto.
Ada yangu, tutaongea mshahara ukitoka.

Kuna kifaa kimoja sikukiandika.
Mwalimu wetu wa ufundi alisema mtu aliyelala
hutoa wati sabini hivi.
Bibi Numbi akilala katikati,
Kyungu kulia, Kabange kushoto,
hizo hazipiti kwenye mita,
hazishuki na volti,
kabini ya mtaa ikilipuka hazitakuwa na habari.

Nilidhani amesinzia.
Akauliza kutoka kitandani, bila kufumbua macho:
"Sabini tu?"

Nikafuta. Nikaandika mia.