Dripu ya Tatu, Ganjoni

Sista Kadzo kanidunga, kanambia, "Hesabu."
Nikafika sita.
Dari likashuka taratibu, kama shuka mbichi kambani,
na mgongo, ule niliouvunja Kilindini
gati namba tano, miaka tisa sasa,
ukainuka, ukaketi kiti cha wageni,
ukanitazama kama mtu anidaiye.

Sikuwa na deni. Sikuwa na mimi.

Dakika arobaini. Kisha feni.
Kisha vidole, kimoja kimoja,
vikarudi kwa mwenyewe.

Sikupona, Tima, nisikudanganye.
Usiku ule godoro lilinikumbuka.
Lakini tulipopita Makadara
moshi wa mishikaki ulinipanda puani
nikasema, kwa mdomo wangu,
"Nina njaa."
Nawe ukageuza uso,
ukajifanya watafuta nauli mkobani.