Aliyeitafuta Karatasi Ni Mimi

Msiulize tena nani aliipeleka.
Ni mimi, Lusato, mchapaji wake wa miaka kumi na mmoja,
niliyejua anavyokunywa uji: bila sukari, akiwa wima.

Ofisi ilikuwa Igogo, juu ya duka la nyavu,
chumba kimoja, harufu ya nailoni mpya na dagaa wa jirani.
Ukutani aliandika kwa mkaa:
LUGHA NDOGO SI LUGHA YA WADOGO.
Mwenye nyumba akapaka chokaa.
Akaandika tena, herufi kubwa zaidi.

Nyabwire alianza na chupa.
Kule Bwisya bibi mmoja alikunywa dawa ya kuchua
kwa kuwa hakuna aliyemweleza kwa Kikara.
Ndani ya chupa ile ikatoka kazi yote:
barua, mabango, safari za Dodoma
na begi lililofungwa kwa kamba ya katani.
Wazinza wakaja, Wakerewe wakaja,
Wakara wakaja wakibeba viti vyao wenyewe.
Akisema "sisi", tuliisikia
kama maji ya moto miguuni.

Halafu siku moja, ukumbini, karibu na Mto Mirongo,
Bwana Bituro akasimama, kofia mkononi:
"Mama, kale kajembe ka kupalilia uwele,
kwenu Ukara mnakaitaje?"
Akajibu haraka.
Ukumbi ukaangua kicheko.
Alikuwa ametaja jembe la Wasukuma.

Wiki tatu mji haukuwa na habari nyingine.
Redioni, kwa kinyozi, kwenye foleni ya maji Mabatini:
ni wa wapi huyu? Mjomba wake nani?
Kaburi la babu yake liko wapi, tukalipalilie?
Watu wasiojua Kikara hata cha kuombea chumvi
wakageuka walinzi wa lango lake.

Naye akajibu vibaya. Hapo sitampamba.
Alisema, "Sangara aliletwa ziwani kwa ndoo,
leo mnamwita wetu, mnamla na kichwa."
Bituro hakupandisha sauti.
"Na furu, mama? Furu waliliwa na nani?"

Nilisikia feni ikikwaruza.

Nilitaka kumwokoa. Ndivyo nilivyojiambia
melini asubuhi kwenda Nansio,
ndivyo nilivyojiambia juu ya baiskeli ya kukodi
hadi Kagunguli, ambako katekista
alinifungulia daftari lililotafunwa na mende.
Mstari wa kumi na nne, wino wa zambarau:
mtoto, Nyabwire;
mama, Minza, mpishi, wa Magu;
baba,
kistari.
Si jina, si ukoo. Kistari kirefu
kama uzi uliokatika na ndoana yake.
Na pembeni, kwa penseli, mwandiko wa mtu mwingine:
mama amefariki. Kachukuliwa na mjane wa Ukara,
akiwa na siku tisa. Jina ni la mjane.

Nilinakili wino.
Sikunakili penseli.

Mkitaka sababu, sina moja.
Mshahara wa miezi minne ulikuwa haujalipwa, ni kweli.
Ni kweli pia kwamba mimi nina baba mwenye jina,
na babu, na babu wa babu, wote wamelala Ukara,
na sijawahi kusema "sisi" nikasikilizwa.

Bituro aliisoma karatasi mbele ya watu.
Yeye hakulia wala hakukana.
Alikunja miwani, akaifuta kwa pindo la kitenge,
akauliza kama mkutano umekwisha.

Juzi nilimkuta Mlango Mmoja, kwenye bamia.
Amekonda. Akanitazama kama mtu anayehesabu chenji,
kisha akanisalimu kwa Kikara, salamu ndefu ya asubuhi,
ile inayouliza hali ya mji, ya ng'ombe, ya waliolala na walioamka.

Nilijibu kwa Kiswahili.

Akarudia bamia zake,
moja moja, akivunja ncha.