Zimebaki Mbili

Michezo mingine huanza patupu, mtu akachuma.
Huu wetu hukukabidhi mia tano na moja
kisha hukwambia: haya, zimalize.
Yeye alirusha, mimi nikatoa.
Chaki mkononi, vumbi jeupe hadi kiwikoni,
ukumbi wa jamii wa Ziwani, kila Ijumaa,
balbu moja, na ubao uliotoboka
kama uso wa aliyeponea ndui.

Mchana Jerusa Amoit alikuwa Posta, kuchambua barua.
Kitale, Kilifi, Kericho, Kisii:
alizirusha vishubakani bila kuinua macho
na kila bahasha ilijua banda lake.
Siri ni nini? waandishi walimuuliza baadaye.
Akasema, "Nilizoea kutuma vitu vya watu
mahali ambapo mimi sitafika."
Hilo hawakuliandika. Waliandika "kipaji".

Nilikuwapo alipomtoa Ondiek wa Reli.
Ishirini mara tatu. Ishirini mara tatu.
Kishale cha tatu kilijibana kati ya wenzake
kama anayechelewa ibada.
Mia na themanini! nikapaza, chaki ikanikatikia.
Wanaume waliokuja kunywa soda na kucheka
walikunywa soda.

Kisha watu wakaacha kuandikiana.
Barua ya kumpunguza kazi ilipita mikononi mwake;
akaiweka kwenye kishubaka chake mwenyewe,
akaendelea na za Kericho mpaka saa kumi na moja.

Kampuni ya rangi ikamvika fulana,
jina mgongoni, wakalikosea: JERUSHA.
Nikataka irudishwe. "Iache," akasema, "imejua kazi yangu."
Mchezaji wa kulipwa! Maneno matamu,
ila kulipwa kwenyewe kulikuja kama mvua ya Kajiado.
Kampala, Arusha, Lusaka, usiku kucha kwenye basi,
vishale vitatu vya tungsteni ndani ya soksi ya mtoto.
Makombe alileta. Mwenye nyumba Makongeni
hakupokea makombe.
Moja tuliliwekea sukari.

Fainali ilikuwa South C. Zimebaki thelathini na mbili,
kumi na sita maradufu, uchochoro aupendao,
angeupata kiza kiza.
Mkono ukapanda. Ukafika shavuni.
Ukagoma.
Si woga, si kinywaji, nawaambia mimi niliyesimama karibu:
vidole vilikishika kishale
kama mtoto ashikavyo kanga ya mama
kwenye lango la shule, siku ya kwanza.
Nilihesabu hadi kumi na moja.
Mtu nyuma akakohoa.
Kishale kikaanguka, kikasimama wima kwenye mbao za sakafu,
nami sikuwa na la kutoa.

Daktari alisema ni neva.
Shangazi wa Malaba alisema ni macho ya watu.
Kampuni ya rangi haikusema kitu;
ilituma kijana aje kuchukua fulana.

Miaka miwili. Halafu Jumanne moja
nikamkuta ukumbini, viti vimeshapangwa ukutani,
akirusha kwa mkono wa kushoto,
vibaya, jamani, vibaya kabisa,
ukuta wa Ziwani unazo alama.
"Andika thelathini na mbili," akaniambia. "Tuliachia hapo."
Wiki nne ndipo akaigusa kumi na sita,
lakini eneo pana, si ule ukanda mwembamba.
Nikaandika kumi na sita.
Kabla ya Pasaka, nane.
Mvua ndefu zikanyesha ndani, tukasogeza ndoo: nne.
Kila akikosa, anakosa kwa nusu.

Jana zimebaki mbili.
Moja maradufu, basi; hakuna mlango mdogo zaidi ya huo.
Nimeiandika kubwa, nikasogea kando.
Mkono wa kushoto ukapanda, ukatulia,
akaushusha mwenyewe, taratibu,
akaenda kufunga madirisha.

"Usifute," akasema. "Nakuja Ijumaa."