Jiwe la Mlangoni

Hitma imekwisha. Sinia zimerudi uani.
Sisi watano wa faya, zamu ya Hoza Mntangi,
tumebaki mkekani hapa Makorora,
magoti yakilia kama koki iliyokosa grisi.
Kuziwa katoka upande wa wanawake kutufuata.

Kidege anaanza. Siku zote Kidege huanza,
hata enzi zile kengele ikimkuta chooni.
"Mnalikumbuka ghala la mkonge, njia ya Pongwe?
Siku tatu! Robota zimelowa, zimezimwa,
sote tunataka kwenda kulala.
Hoza akaingiza mkono ndani ya robota mpaka kwapani,
akasema: huyu hajafa, anajifanya."

"Siku mbili," anasema Kuziwa.
"Mimi nilikuwa kwenye simu. Mimi ndiye niliyeandika."

Wanabishana. Nawaacha.
Mimi nilikuwa kuruta, na langu ni dogo:
alinifundisha kuupima mlango kwa mgongo wa kiganja.
"Kiganja chenyewe ukikiunguza, kijiko utakishika na nini?"
Mpaka leo nagusa hivyo, hata mlango wa benki,
hata paji la mjukuu wangu akipata homa.

Kuziwa anaikumbuka sauti redioni:
moto ulivyozidi kuwa mkubwa
ndivyo alivyozidi kusema polepole,
kama mtu anayesoma barua ya posa.

Ngwatu anakumbuka siku ya kustaafu.
Saa ya ukutani, haina betri. Kupeana mikono. Soda.
Wiki ya pili Hoza alikuwa anaziba pancha Barabara ya Kumi na Nne,
ndoo ya mchanga pembeni, eti gundi na kiberiti havijuani vizuri.
Wateja walicheka.
Ndoo haikuondoka.

Chambo hajasema kitu.
Anatazama mlangoni, pale penye jiwe,
ukubwa wa ngumi ya mtu mzima,
linalozuia ubao usijipige.

Jiwe hilo tunalijua sote.
Usiku ule wa Mwanzange tulifika na king'ora,
na ngazi, na mipira,
na tangi tupu.
Walioona paa linashuka wakatushukia sisi.
Hili lilimpata Hoza begani. Aliinama, akaliokota,
akalitia mfukoni,
akaingia kwenye foleni ya ndoo toka kisimani
katikati ya wale wale waliorusha.
Mtu mmoja hakutoka.
Na kitabu cha zamu kilisema:
wa kujaza tangi, Mntangi H.
Wakamvua utepe.

"Ilikuwa zamu yangu," anasema Chambo.

Uani mtu anasugua sufuria.

"Nilitoroka kwenda Mkwakwani, kutazama mpira.
Alilikwangua jina langu kwa wembe, akaandika lake.
Mke wangu ndiyo kwanza alikuwa kajifungua.
Hakuniuliza. Miaka thelathini na moja, hakuniuliza.
Na kila nikimpelekea baiskeli
alinitoza bei kamili."

Kidege, kwa mara ya kwanza, hana la kuongeza.

"Mkwaruzo niliuona," anasema Kuziwa.
"Karatasi ilikuwa nyembamba pale, taa inapenya.
Nikakifunga kitabu."

Bi Mishi anapita na birika. Chambo anainuka nusu,
anamwomba lile jiwe, kama halina kazi.
Bi Mishi, kizuka aliyechoka kupewa pole,
anamtazama yeye, analitazama jiwe.
"Na mlango nizuie na nini?"

Tunaaga. Tunapitia nyuma ya nyumba,
penye mafiga ya pilau. Majivu meupe, yametulia,
ungesema ya juzi.
Ngwatu anachuchumaa kwa taabu,
anapitisha juu yake mgongo wa kiganja.
"Hajafa huyu."

Tunageuka kutafuta maji.
Chambo yuko bombani kitambo,
ndoo inamfurikia miguuni.