Shauri la Madai, Temeke

Wito aliuleta mjumbe, umekunjwa mara nne,
jina langu limekosewa herufi moja.
Mdai: Sudi. Mdaiwa: mimi.
Milioni mbili na laki tatu
za friji la samaki lililokufa kabla ya Ramadhani.

Niliweka dole, sibishi.
Wino wake, dole langu.

Kwenye benchi tumeacha nafasi ya mtu mmoja.
Mama angekaa pale.

Hakimu: "Unamfahamu mdai?"
Namjua uzito wake, mheshimiwa.
Nilimbeba mgongoni hadi zahanati ya Tandika,
usiku, degedege, mvua.
Karani hakuandika.

Laki moja kila mwezi,
miezi ishirini na mitatu.

Nje, Sudi akaniuliza, macho kwenye viatu:
"Dada, nauli unayo?"