Wembe si Mtambo

Juni hii miti ya Plovdiv imeamua kuniua.
Chavua inaingia dukani bila kubisha hodi,
inakaa kwenye taulo, kwenye sabuni, kwenye kope zangu.
Jana nilipiga chafya saba mbele ya mteja mmoja.
Kinyozi anayepiga chafya, nani atampa shingo?

Desislava, mke wa mwanangu, akaniletea vidonge,
vyeupe, kimoja hakifiki hata punje ya dengu.
Karatasi yake, iliyokunjwa mara nane, niliisoma kwa miwani:
"Huenda ukasinzia. Usiendeshe gari wala mtambo."
Nikacheka. Gari niliuza mwaka aliokufa Radka.
Na wembe si mtambo.
Wembe ni kidole changu cha sita.

Saa nne chafya ikakoma.
Saa nne na nusu akaingia Metodi, mstaafu wa reli,
akalaza kichwa, akaniachia koo lote
kama anavyoniachia kila Ijumaa, mwaka wa thelathini sasa.
Nikampaka povu. Nikanyoa shavu la kushoto.
Kisha dunia ikawa pamba.

Haukuwa usingizi ule ninaoujua,
ule unaonikimbia tangu kitanda kibaki na upande mmoja.
Huu ulikuja na viatu vya sufi,
ukanishika kiwiko kama mtu anayemvusha kipofu barabara,
ukaninong'oneza: hapo penye koromeo, tupumzike kidogo.

Hapo penye koromeo!
Niliuona mshipa wake ukidunda chini ya povu,
taratibu, bila wasiwasi wowote,
na wembe umesimama juu yake, sijui tangu lini.

"Metodi," nikasema, "nusu yako ya kulia itangoja."
Hakujibu. Naye ana kidonge chake, cha presha,
na karatasi yake, aliyoitupa bila kuisoma.
Mwenzangu alikuwa anakoroma.

Nikafunga wembe, nikautia kwenye droo, nikageuza ufunguo.
Nikakalia kiti cha pili, kile cha wateja wa Jumamosi,
ambacho sijawahi kukikalia tangu nikinunue.
Kumbe kina raha. Kumbe ukilala pale unaiona dari,
na ule ufa ambao Radka aliniambia niuzibe.

Desislava alitukuta saa sita mchana,
wazee wawili, vinywa wazi,
mmoja povu limemkauka kidevuni kama chokaa.
Hakutuamsha. Aligeuza kibao cha mlangoni,
akaketi katikati yetu, akaisoma karatasi upya.

Metodi alikwenda nyumbani na shavu moja.
Ijumaa ijayo, amesema, tuanze na la kulia.